Mtani Wangu wa Mbayuwayu

Mimi Kunegunda nawachukia Mbayuwayu. Nasema wazi na kwa sauti, mwenye masikio asikie. Paroko keshaniita kunikumbusha kwamba chuki ni dhambi, nami nikamjibu, Baba, hiyo dhambi niachie, nitakwenda nayo hivyo hivyo mbele ya haki. Akatikisa kichwa, akasema ataniombea. Sawa, aombe.

Kwa asiyewajua, Mbayuwayu ni shirika la ndege. La mtu binafsi, changa, meno ya utotoni bado linayo. Lilianza na kindege kimoja cha mapangaboi, chenye mngurumo wa mashine ya kukoboa, na njia yake ya kwanza kabisa ilikuwa Dar kuja Songea. Siku kilipotua hapa Ruhuwiko tulitoka na vigelegele. Wazee wa ngoma ya lizombe wakavaa njuga, wanafunzi wakaruhusiwa mapema, padri akanyunyizia maji ya baraka mpaka matairi. Kwangu ni jirani na uwanja, nikapata na kazi: kupika vitafunwa vya abiria. Vitumbua, sambusa, karanga za kukaanga, vyote kwenye boksi lenye picha ya ndege wao. Abiria walivisifia vitumbua kuliko safari yenyewe, na walikuwa na haki.

Halafu shirika likaanza kutanuka. Lusaka. Harare. Maskati, huko kwa Waarabu. Kila baada ya muda bango jipya linapandishwa mjini, ramani yenye mistari myekundu inayotoka Dar na kutawanyika duniani, na sisi watu wa Songea tunasimama chini yake kifua mbele. Tukasema, huyu mtoto tumemlea sisi, leo anakwenda ng'ambo. Mwishoni ikatangazwa Lubumbashi. Tukapiga makofi tena. Hakuna aliyeuliza ndege ya kwenda Lubumbashi itanyofolewa wapi.

Sasa mume wangu. Hironimus alikuwa fundi wa kupaua, na tangu nimjue hajawahi kuanguka. Siku hiyo mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha mbao, akateleza kwenye paa la nyumba ya mwalimu mmoja, akaangukia shingo. Tukamkimbiza hospitali Peramiho. Wakamfunga kola ngumu shingoni, wakamlaza chali juu ya ubao, wakamtunza vizuri kabisa, hilo siwezi kusema uongo. Daktari akaniita pembeni.

"Mama Pamela, mfupa wa shingo umepasuka na umekaa vibaya. Anatakiwa kwenda Dar akafungwe vyuma. Lakini aende amelala, asitikiswe. Barabara usiijaribu. Akitikiswa vibaya mfupa utaminya mahali pumzi inapotawaliwa, na mtu anaacha kupumua."

"Akifika huko atapona?"

"Akifika salama, nafasi anayo kubwa. Tazama, vidole vya miguu bado vinacheza."

Na kweli vilikuwa vinacheza. Hironimus alikuwa anaongea, anakunywa uji kwa mrija, ananiuliza kama mbuzi wamefungwa. Aliniambia nisimwangalie kwa huruma, kwani sura yangu ya huruma inatisha kuliko ile ya hasira. Nikamwambia anyamaze.

Mbayuwayu peke yao, katika njia yetu, ndio waliokuwa na machela. Wanakunja viti vya nyuma, wanaifunga pale, mgonjwa anasafiri amelala. Nikakimbilia kwa Shakila, binti wa Kiyao kutoka Tunduru anayekaa kwenye dirisha lao la tiketi pale uwanjani. Shakila hula kwangu mchana, ni kama mwanangu. Akapiga simu Dar, akaongea, akabonyeza bonyeza kompyuta yake, akageuka na uso mkunjufu.

"Alhamisi, mama. Machela imethibitishwa. Inshallah Alhamisi baba yuko Dar."

Nikarudi Peramiho nikamwambia Hironimus Alhamisi. Akasema basi anyolewe ndevu, hataki kuingia Dar kama mshamba.

Jumamosi Shakila akaja jikoni kwangu. Akafunga mlango, na mimi jikoni kwangu mlango haufungwi mchana, nikajua kuna jambo.

"Mama, usinitaje popote. Wallahi nitafukuzwa kazi."

"Sema."

"Alhamisi haipo tena. Kile kindege kinahamishiwa Lubumbashi. Kuanzia Jumanne Songea haina safari, imesitishwa mpaka itakapotangazwa. Safari ya mwisho ni Jumatatu asubuhi, na hiyo imejaa. Mkurugenzi anakuja kesho na wageni wake, waandishi wa habari, na anaondoka Jumatatu na kikundi cha ngoma. Wanakwenda kuzindua Lubumbashi."

"Kesho anakuja kufanya nini?"

"Karamu. Kuwashukuru wana-Songea."

"Anatushukuru kwa kutuacha?"

"Watu hawajaambiwa, mama. Wameambiwa Songea sasa imeungana na dunia."

Nikakaa juu ya ndoo. Yule binti alikuwa analia, mimi hata chozi sikuwa nalo, nilikuwa nawaka. Na unajua nini? Vitafunwa vya hiyo karamu nilikuwa nimeagizwa mimi! Mchele nimeshaloweka! Basi nikapika. Nikapika huku natukana, nageuza kitumbua natukana, na vikaumuka vizuri kuliko siku zote.

Jumapili baada ya misa ukumbi ukafurika. Mkurugenzi mwenyewe anaitwa Otto, mtu wa Iringa, Mhehe wa damu, mnene, kicheko kirefu, suti ya bluu. Alipopanda jukwaani tu akapaza sauti kwa salamu ya kwao, "Kamwene!" Ukumbi mzima ukazomea kwa furaha, maana Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walichinjana vitani mpaka wakachoka, wakaona heri wajukuu watukanane tu. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe neno lolote, mla mbwa wewe, mbele ya mkwe wake, na Mhehe haruhusiwi kununa. Akinuna yeye ndiye mjinga. Na yeye vilevile kwetu. Otto alilijua hilo, akalitumia vizuri. Akasema alipokuwa mdogo bibi yake alimwambia asiende Songea, Wangoni watampika, lakini leo kaja mwenyewe na sufuria. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nyuma yake ramani, mistari myekundu, Lubumbashi imezungushiwa taa ndogo zinazowaka na kuzima.

Mshereheshaji alikuwa Kajetani, mdogo wake Hironimus. Tumbo moja. Harusi zote za mjini anaongoza yeye. Kaka yake kalala na shingo ya kuvunjika, yeye kavaa tai ya kung'aa. Sikumlaumu kwa hilo, kazi ni kazi, na juzi alikuwa Peramiho amelia kuliko mimi. Lakini subirini.

Kajetani alipouliza kama kuna neno kutoka kwa wananchi, nikatoka na aproni yangu, nikapanda jukwaani, nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Mkurugenzi," nikasema, "wewe ni mwongo."

Ukumbi ukalipuka. Vicheko, meza zinapigwa.

"Umetukusanya hapa utulishe vitumbua vyangu mwenyewe, na keshokutwa unatunyang'anya ndege. Wewe ni mwizi."

"Haoo! Mpe huyo!" wakapiga kelele nyuma.

Otto akasimama, mikono kiunoni, anatikisika kwa kucheka. "Mngoni huyu ulanzi ameuanza kabla ya misa!"

"Sijanywa! Mume wangu amelala Peramiho amevunjika shingo. Alhamisi alikuwa na machela kwenye ndege yako, umeithibitisha mwenyewe, sasa umeipeleka Lubumbashi. Unamuua mume wangu!"

"Wahehe ndio zao!" sauti ikatoka katikati ya watu, na kicheko kikapanda juu zaidi. Mama mmoja wa kwaya alikuwa ananirekodi kwa simu huku ananionyesha dole gumba. Jamani, mtu unasema ukweli mpaka koo linauma, na watu wanakupigia makofi. Nilitamani sakafu ipasuke tuingie wote. Nikaanza kulia, na nilipolia ndio wakashangilia hasa. Nikamsikia mtu akisema, huyu mama angekuwa kwenye maigizo.

Nikamgeukia Kajetani. Yeye alijua. Katika ukumbi ule wote, yeye alijua kila neno ni kweli. Akaniangalia, akawaangalia wageni wa Dar waliokaa mbele, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu taratibu.

"Waheshimiwa," akasema, "huyo ni shemeji yangu, na huo ndio utani halisi wa Kingoni. Makofi tafadhali!"

Kajetani, mwana wa mama mkwe wangu. Siku ile ningekuwa na mwiko ningempasua.

Otto akaja, akanikumbatia. Ananukia marashi. "Mtani," akasema, kipaza sauti kiko karibu watu wote wasikie, "umenitukana vya kutosha. Haya, unataka nini?"

"Nataka ndege ya kesho. Imchukue mume wangu."

Akainua mikono yote miwili juu. "Chukua! Ndege ni yako! Mhehe hamnyimi Mngoni!"

Nikamshika mkono nikamwambia, umesema. Akasema, nimesema. Ukumbi mzima shahidi. Na mtani akikupa mbele za watu amekupa, hajarudi nyuma mtani yeyote ninayemjua, awe wa Iringa awe wa wapi. Nikavua aproni nikaenda zangu Peramiho. Nikampa Hironimus habari, safari ni kesho.

"Umeiba ndege, mwanamke?"

"Nimepewa na Mhehe."

"Basi tumekwisha," akasema, akacheka kwa macho tu, maana kucheka kwa mwili wote alikatazwa.

Jumatatu alfajiri tukaondoka. Dereva wa gari la wagonjwa alikwenda mwendo wa jongoo, muuguzi amemshikilia kichwa, mimi nimeshika miguu. Kila tuta nilikuwa nauma meno. Tulipofika uwanjani jua limechomoza na kile kindege kiko pale kinang'aa. Wacheza ngoma wamepanga foleni na njuga zao begani. Shakila alipoliona gari la wagonjwa alishika mdomo.

Otto alikuwa chumba cha kusubiria, na kahawa. Akanyoosha mikono.

"Mtani! Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Ndege. Jana umenipa. Mgonjwa yuko nje."

Akacheka. Akatazama dirishani, akaliona gari lenye msalaba mwekundu na milango imefunguliwa, akamwona muuguzi. Kicheko kikakatika katikati. Akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema. Si mtani tena, sasa mama. "Ule ulikuwa utani."

"Kwa nani?"

"Mama, nisikilize. Machela yenyewe imefunguliwa, iko Dar. Viti vimejaa. Lubumbashi wanatusubiri leo jioni, wakubwa wa nchi mbili wako pale."

"Washushe hao wacheza ngoma. Mlaze sakafuni, mimi nitamshika."

"Sheria za anga haziruhusu mtu kulala sakafuni."

"Sheria za anga zinaruhusu kumpa mtu neno mbele za watu na kulimeza?"

"Pole sana, mama. Kwa kweli pole. Shakila, chukua namba ya mama, tuangalie utaratibu mwingine."

Utaratibu mwingine! Shakila namba yangu anayo kichwani. Nikamshika Otto koti. Nilimshika hasa, kifungo kikabaki mkononi. Askari wawili wa uwanja wakaja, vijana wa hapahapa Ruhuwiko, wakaniambia shikamoo mama, tafadhali mama, twende nje mama. Wakanisindikiza kwa heshima zote. Heri wangenipiga.

Kindege kikaruka na wacheza ngoma wake. Hironimus alikuwa amelala ndani ya gari, hawezi kugeuza shingo, anasikia tu mlio.

"Imekwenda?" akaniuliza.

"Imekwenda."

"Mtani wako?"

"Yumo."

"Tusirudi haraka," akasema. "Hapa kuna upepo mzuri." Tukakaa pale, muuguzi, dereva na mimi, mpaka jua lilipoanza kuwa kali.

Daktari wa Peramiho alihangaika kila upande. Akapiga simu huku na huko kutafuta ndege nyingine ya kubeba mtu aliyelala, siku zikapita, ikawa bado bado. Alhamisi, ile Alhamisi yetu, pumzi ya Hironimus ikaanza kuwa fupi. Ijumaa akawa anatamka neno moja anapumzika. Daktari akaniambia akibaki hapa tunampoteza, akienda kwa barabara tunaweza kumpoteza, mimi na familia tuamue. Tukaamua barabara. Nani angeamua vinginevyo?

Tukapita mjini, tukapanda kuelekea Njombe. Walimwekea oksijeni, mito kila upande, mifuko ya mchanga kandokando ya kichwa asiyumbe. Dereva anakwepa kila shimo, malori yanapita yanatupigia honi. Hironimus alikuwa ananiangalia mimi tu. Tulipita Madaba salama, nikaanza kuhesabu miji iliyobaki, nikaanza hata kuamini. Mbele kidogo lori lilikuwa limeharibika kwenye kona, dereva akakanyaga breki. Si kwa nguvu. Breki ya kawaida kabisa, hata chai isingemwagika. Macho ya Hironimus yakafunguka sana. Muuguzi akaanza kumhudumia pale pale kando ya barabara, akahangaika, jasho linamtoka, mimi namwita mume wangu kwa jina lake la nyumbani. Hakunijibu. Tukageuza gari.

Nililia kwa hasira, sijui kama kuna wengine wanalia hivyo. Kila mtu aliyekuja kunipa pole nilitaka kumuuliza, na wewe ulikuwa ukumbini? Na wengi walikuwemo. Yule mama wa kwaya alikuja na unga, akapiga magoti, akasema, Kunegunda, nisamehe, tulidhani ni utani. Ile video yake ilikuwa imeshazunguka nchi nzima. Watu wa Dar, watu wa Mwanza, wanacheka jinsi Mngoni alivyomchana Mhehe. Mbayuwayu wenyewe waliirusha kwenye ukurasa wao, chini wakaandika: Tunapendwa Songea.

Kajetani hakuniangalia usoni. Alipasua kuni, akachota maji, akachimba kaburi na vijana. Sikumsemesha.

Siku ya mazishi, padri ameshafika, tumekaa uani, tukasikia mngurumo juu. Watu wote wakainua vichwa. Mimi sikuinua, ule mngurumo naujua. Kindege cha mapangaboi, chenyewe, kimetoka Dar siku hiyo, maalumu, bila abiria wa kulipa. Ndege ya kumpeleka Hironimus Dar haikupatikana. Ndege ya kuja kumzika ilipatikana!

Otto akaingia uani na shada kubwa la maua, katoni za maji, vijana wenye fulana nyeupe za Mbayuwayu, na mpiga picha. Amevaa nyeusi, na macho mekundu, nadhani alilia kweli. Sisemi hakuwa na moyo. Nasema moyo wake aliutumia siku isiyotakiwa. Akapiga goti mbele yangu.

"Mtani wangu kafiwa," akasema. "Ningekosaje kuja?"

Wazee wakampokea, wakampa kiti. Kwa mila mtani msibani hafukuzwi, ana kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla marehemu hajateremshwa, mtani anaingia kaburini, analala. Anasema nyumba hii ni yangu, sitoki, mtafutieni mwenzenu pengine. Wafiwa wanambembeleza, wanampa kuku au kitu chochote, anatoka. Watu wanacheka kidogo, na pale wanapocheka kifua kinafunguka, mtu anapata nguvu ya kuzika. Baba yangu alipozikwa Wahehe walitufanyia hivyo, nami nilicheka na machozi yananitoka, na mpaka leo nawashukuru. Mila ni nzuri. Sina ugomvi na mila.

Tukafika makaburini. Jeneza likawekwa kando. Otto akavua koti akampa kijana wake, akavua viatu, akashuka. Wawili wakamshika mikono maana ni mzito. Akalala chali, mikono kifuani, na mpiga picha akasogea ukingoni.

"Mimi hapa sitoki!" akapaza sauti kutoka chini. "Nyumba ina ubaridi mzuri! Wangoni mna nyumba nzuri hivi, mlikuwa mnatuficha!"

Watu wakacheka. Hata wazee. Niliona mabega ya binti yangu Pamela yanashuka, naye akatabasamu kidogo, maskini.

"Mpeni mtani haki yake," mzee mmoja akasema.

Kajetani akaja na kuku mwekundu chini ya kwapa, akaninyooshea. Mfiwa mkuu ndiye anayetoa. "Shemeji," akasema chini chini, anaangalia miguu yangu, "mpe atoke. Padri anasubiri."

Nikamtazama yule kuku. Nikamtazama Otto kule chini, anang'aa kwa jasho, ananisubiri nimjibu kwa matusi mazuri tucheke. Sikumchukua kuku. Nikachukua beleshi kwenye lundo la udongo, nikachota, nikamwagia tumboni.

Wakalipuka kwa kicheko. "Mngoni kamuweza! Leo Mhehe anazikwa!" Otto mwenyewe akacheka, tumbo linaruka na udongo juu yake.

Nikachota la pili, nikamwagia kifuani. Shati likabadilika rangi. Kicheko kikapungua.

La tatu nikammwagia usoni.

Akatema. Akajifuta macho, akanitazama. "Mtani," akasema. Nikamwaga jingine. "Mtani, basi." Nikamwaga. "Mama!" akasema sasa, na hapo ndipo aliponiona. Alinitafuta usoni, kama mtu anavyotafuta funguo mfukoni akizikosa, na akajua kwamba tangu ukumbini mpaka hapa hapakuwa na mzaha hata chembe. Akaanza kuhangaika kuinuka. Udongo wa pembeni ukawa unammomonyokea, vidole vinateleza.

Mpiga picha akashusha kamera. Vijana wa fulana nyeupe wakageuka kumtazama Kajetani, maana yeye ndiye mwanaume wa karibu nami, wakitegemea atanishika. Kajetani akamweka kuku chini. Akachukua beleshi la pili. Akasimama upande wangu, akachota akamwaga.

"Kaka yangu alikuwa amenyolewa ndevu za kwenda Dar," akamwambia Otto.

Ni padri aliyetusimamisha. Hakutushika, aliita tu jina langu la ubatizo, nami nikachomeka beleshi ardhini. Wakampa Otto mikono, wakamvuta. Akatoka udongo kichwani mpaka soksi, hana kuku, hana kicheko. Watu walikuwa wanamtazama, Wangoni wote wale, watani zake, na hakuna hata mmoja aliyemtukana. Akapita katikati yao na soksi zake, viatu kasahau, mpaka kwenye gari.

Padri akafungua kitabu. Nikamwambia, Baba, bado. Nikawaambia wachimbaji washuke tena kaburini na ndoo. Ule udongo tuliomwagia Otto nilitaka utolewe wote, usibaki hata ngumi moja, Hironimus asilalie udongo wa mtu mwingine. Wakashuka, wakazoa, wakapandisha ndoo moja moja, na watu wote wakasubiri.